Tangi la Layefa

Layefa hakuwa na subira na mtu anayeogopa maji. Ukipanda boti lake ukashika ubao kwa mikono miwili, atakugeukia pale nyuma alipokaa na usukani wake na kusema, "Wewe, boti haliibiwi ukiwa ndani. Hebu liachie." Abiria wote wanacheka, na wewe unaachia, kwa aibu tu.

Namjua tangu tukiwa wasichana. Mimi ndiye Mama Doubara, nachoma ndizi na samaki hapa gatini Beniama. Kila boti linaloingia kijijini linapita mbele ya jiko langu, kwa hiyo sihitaji kuulizia habari za watu. Mambo ya Layefa niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyapikia.

Mumewe alikuwa mwanamume wa sura nzuri na kazi chache. Siku moja alipanda boti kwenda mjini Warri kununua nyavu, na mpaka leo hizo nyavu anazinunua. Layefa alikaa ndani wiki nzima. Ndipo mama yake, Bibi Ebikere, alipofungua sanduku, akatoa shanga zake za marijani, zile ambazo mwanamke wa kwetu huzivaa kwenye arusi na matanga na hutamani azikwe nazo, akaenda kuziuza mjini. Akarudi na injini iliyokwisha kutumika, imefungwa kwenye gunia.

Watu walimcheka. Kaka yake, Mzee Bekewei, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo ule, alisimama hapa hapa gatini akamwambia, "Ebikere, mtoto kaachwa na mume, wewe unamnunulia injini?"

"Mume alizimika katikati ya mto," Bibi Ebikere akamjibu. "Injini ikizimika, atavuta kamba itawaka tena."

Basi Layefa akawa mwendesha boti, mwanamke wa kwanza kwenye mto wetu. Boti la mbao, refu, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu MAMA NDIYE INJINI. Alivaa kofia ya kiume, akatafuna kokwa za kola chungu tangu asubuhi mpaka jioni, na matusi yake yalijulikana mpaka Yenagoa. Bibi Ebikere alikaa mbele kabisa kila safari ya soko, na kikapu chake cha konokono mapajani. Alikuwa akisema, mbele ya watu, bila kujali mwenye kutaka kusikia na asiyetaka: "Siku yangu ikifika, nisirudishwe nyumbani na boti la watu. Binti yangu anilete mwenyewe. Na akienda mbio nitaamka nimzabe kofi."

Tulicheka. Nani alijua kwamba maneno yale yangetufikisha pale.

Bibi Ebikere alifia mjini, kwenye hospitali, masika yalipokuwa yakiisha. Alilala mochwari wakati ukoo ukichangishana na kupanga siku, kama ilivyo desturi yetu. Maziko yakapangwa Jumamosi moja ya kiangazi, wakati ule wa vumbi la jangwani, jua linapokuwa jeupe na hata ng'ambo ya mto huioni. Mwili ungefika Ijumaa kwa maji. Layefa hakuwa akizungumza jambo jingine. Alipaka boti rangi upya. Alishona kitambaa cheupe cha kufunika jeneza.

Shida ilikuwa tangi.

Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti chake, la chuma, alilitengeneza shemeji yake Pereowei, mdogo wa yule mume wa nyavu. Lilikuwa limeanza kuvuja kwenye kona ya chini tangu mwaka uliopita, na Layefa alikuwa akiliziba kwa sabuni ya mche. Unaisugua sabuni kwenye ufa mpaka inajaa, petroli haiiyeyushi. Kila mwenye boti hapa kwetu anajua dawa hiyo. Abiria akisema, "Layefa, mbona nasikia petroli?" yeye hujibu, "Hayo manukato, kuna mahali wanalipia." Akiulizwa kuhusu sabuni anasema, "Tangi langu linaoga kila asubuhi. Mumeo je?"

Lakini wiki ile ya maziko sabuni ilishindwa. Jumanne alirudi na petroli inacheza kwenye sakafu ya boti, na viatu vya abiria vimelowa. Mzee Bekewei alikuwa gatini akila samaki wangu. Akasimama akachungulia.

"Na hili ndilo linakwenda kumbeba dada yangu?"

"Mjomba, litatengenezwa kesho."

"Nimeshaongea na diwani. Boti lake la kisasa lina paa na viti vya sponji. Mwanamke habebi maiti, Layefa. Tusichekwe."

"Alisema nimlete mimi."

"Alisema mengi. Alisema pia utapata mume mwingine."

Nilitaka kumrushia koleo la mkaa. Layefa akasema taratibu, "Tangi likitengenezwa, namleta mimi. Lisipotengenezwa, chukua boti la diwani wako." Mzee akakubali, maana alikuwa na hakika halitatengenezeka.

Kesho yake Pereowei akaja na mtungi wake wa gesi na bomba la kuchomelea. Huyu ni mtu mwembamba, mwenye ndevu nyingi kuliko mwili, na mdomo haupumziki. Pamoja na kwamba kaka yake alitoroka, bado anamwita Layefa mke wetu, kama tunavyomwita kwetu mke wa ndugu.

"Mke wetu, lete tangi nilione."

"Mke wenu alihama zamani. Hebu fanya kazi."

"Hata akihama, mahari tulilipa sisi."

Walilitoa tangi wakalimwaga, wakaliosha kwa sabuni ya unga mara kadhaa. Sasa, tangi la petroli haliguswi na moto likiwa tupu. Utupu wake si utupu, umejaa mvuke, na mvuke ndio unaoua. Hilo pia linajulikana. Unalijaza maji mpaka juu, mvuke unakosa pa kukaa, ndipo unachomelea. Pereowei siku zote alitumia maji ya mvua kwenye pipa lililo chini ya bati langu. Lakini ilikuwa kiangazi, pipa lilikuwa na mijusi. Kwa hiyo Layefa alichukua ndoo, akashuka ngazi za gati, akachota mtoni. Alipanda na kushuka mwenyewe, akikataa kusaidiwa, mpaka maji yakamwagika mdomoni mwa tangi. Ndoo ya mwisho ilibaki na maji nusu. Akaiacha karibu na jiko langu.

Pereowei aliliegemeza tangi ubavu, kona yenye ufa ikawa juu na mdomo umekaa wazi pembeni. Akapiga kidole akasikiliza. Akasema limejaa. Akawasha moto wake wa buluu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Hakufika ubeti wa pili.

Sikusikia mlipuko kama wa kwenye sinema. Nilisikia pumzi, vuuu, mtu mkubwa mno akivuta pumzi, na ulimi wa moto ukatoka kwenye mdomo wa tangi, mrefu kuliko mimi. Pereowei alianguka kwa makalio. Ndevu hazikuwepo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitoa moshi, naye anautazama, hapigi kelele, anautazama tu. Mimi nilisimama na koleo mkononi. Nilishtuka kiasi kwamba nilianza kuhesabu ndizi jikoni, sijui kwa nini.

Layefa ndiye aliyemfunika kwa gunia bichi. Wanawake wakaleta mafuta ya kokwa za mchikichi wakampaka. Ndipo kila mtu akaanza kusema kwa pamoja.

"Nilijaza!" Layefa alikuwa akipiga kelele. "Nilijaza mwenyewe! Mliniona! Mpaka yakamwagika!"

"Ulilijaza, nilipima," Pereowei akasema, meno yakigongana. "Maji hayawaki, mke wetu. Mimi nimechomelea matangi maisha yangu yote. Maji hayawaki."

Mzee Bekewei alikuwa amefika, na nusu ya kijiji nyuma yake. Alitazama tangi lililovimba shavu. Alimtazama Pereowei. Alivua kofia yake, na nilipoona anavua kofia nilijua anachotaka kusema, nikaomba Mungu amnyamazishe.

"Maji hayawaki," alisema. "Wote mnakubali. Basi yamewashwa na nani? Dada yangu amekataa. Amelikataa boti, amemkataa na mwenye boti."

Hapo ndipo nilipowaona watu wa Beniama wakirudi nyuma kidogo kidogo, hata wale waliokwisha kumwita Layefa dada, hata wale aliowavusha bure na watoto wagonjwa. Hawakumtukana. Walisogea tu.

Layefa alikaa chini kwenye mbao za gati. Alivua ile kofia ya kiume. Nimemjua mwanamke huyu alipoachwa, alipodhihakiwa, alipoletewa habari ya mama yake, na sikuwahi kumwona analia mbele ya watu. Siku ile alilia mdomo wazi.

"Mama Doubara," akaniambia. "Nilimkosea nini? Kwa nini anikatae?"

Na nitasema ukweli, nilikuwa na hasira, hasira na mzee, na watu, na marehemu mwenyewe. Nikageukia jiko langu. Samaki walikuwa wamesahauliwa, mafuta yao yanadondoka kwenye mkaa, na miali imeanza kulamba wavu. Nikaikamata ile ndoo ya Layefa, yenye maji nusu, nikaumwagia mkaa wote kwa mkupuo.

Moto uliruka mpaka kwenye bati.

Nilipiga ukunga uliosikika, wanasema, ng'ambo. Kilemba changu kilishika moto nikakitupa. Mkaa haukuzimika, kiliwaka juu yake kitu chembamba, cha manjano, kikikimbia kufuata maji yanakokwenda, kikashuka kwenye mbao, kikafika ukingoni, kikazimika mchangani. Nikabaki na ndoo tupu mkononi. Watu wote walinitazama mimi, kisha ndoo, kisha jiko.

Pereowei ndiye aliyesogea kwanza, mkono umefungwa majani. Alichukua bakuli langu la chumvi, akamwaga chumvi, akashuka ngazi. Akachota maji ya mto, ya juu juu, akapanda nayo. Akayaacha yatulie. Akaomba kiberiti.

Moto mdogo ulizunguka ndani ya bakuli, polepole, ukitafuta njia ya kutoka.

"Yesu," akasema mtu.

"Maji yanawaka," Pereowei akasema. Alisema kwa sauti ya mtoto. "Mafuta hayazami. Nililiegemeza tangi, yakapanda yote, yakaja kukaa pale pale kwenye ufa. Nikayawekea moto."

Sisi watu wa Beniama, ule upinde wa mvua wa mafuta juu ya maji hatuuoni tena. Tumezaliwa tukaukuta upo. Wauza petroli wanasuuzia madumu yao chini ya gati, mabomba ya zamani yanapita kwenye mikoko, na harufu ile ni harufu ya nyumbani; mgeni akiziba pua tunamcheka. Siku zile tena kulikuwa na vumbi, mto wote umepauka, nani angetofautisha. Layefa alichota bila kutazama. Na mimi ningechota bila kutazama.

Halafu mwanamke mmoja akasema, "Uji wa mwanangu," akaanza kukimbia.

Hapo ndipo mshtuko wenyewe ulipoanza. Wanawake wote walikimbia, kanga zinawadondoka, kila mmoja kwenye mtungi wake. Mimi nilikuwa nimewaosha samaki kwa maji yale asubuhi. Nilikuwa nimesukutua kinywa. Nilikuwa nimewauzia watu kikombe cha kunawia, na Mzee Bekewei mwenyewe alikuwa amenywa kikombe cha pili ili ateremshe ndizi. Nilimwona anaweka mkono tumboni.

Wanaume waliopanda mto kwa makasia walirudi wakasema bomba moja kuukuu limepasuka kwenye mikoko, linatoa mafuta mepesi, rangi ya chai, siku kadhaa sasa. Wenye bomba walipopigiwa simu walisema watatuma watu. Nikwambie tu kwamba bado tunawangoja.

Lakini siku ile Layefa hakuuliza habari za bomba. Alikuwa bado amekaa pale pale. Aliniangalia, macho mekundu, akasema jambo ambalo lilinifanya nikae chini karibu naye.

"Kwa hiyo hajanikataa."

"Hajakukataa, mpenzi wangu. Ni maji."

"Ni maji tu," akasema, na akavaa kofia.

Alikwenda dukani akarudi na mikokoteni ya maji ya pakiti, yale tuliyokuwa tumeagiza kwa ajili ya wageni wa maziko. Mashangazi walipiga kelele, wageni watakunywa nini. Akawaambia wageni watakunywa bia, hawajawahi kulalamika. Tukakaa wanawake kuzunguka tangi, tukazipasua pakiti kwa meno moja moja, tukalisuuza, tukalijaza. Maji ya kunywa, masafi, yakiingia kwenye tangi la petroli, na watoto wetu wamekatazwa kugusa mtungi nyumbani. Nilikuwa nikipasua na kutukana, napasua na kutukana.

Mkono wa Pereowei haukuweza kushika bomba la moto. Layefa akalichukua yeye.

"Mke wetu, hapana."

"Nielekeze."

"Unatetemeka."

"Natetemeka, ndiyo. Nielekeze."

Wote tuliondoka mbali isipokuwa wao wawili. Alipougusisha moto kwenye ufa nilifumba macho, na niliyafumbua aliponiita jina. Alikuwa ameshona kona ile kwa mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kuona, umevimba, umepinda. Wakalikausha, wakalitia petroli, wakaliweka juu ya karatasi kavu. Tulikaa tukaitazama ile karatasi mpaka jioni. Haikulowa.

Mzee Bekewei alipita akaitazama pia. Hakuomba radhi, si kawaida yake. Ila Ijumaa alfajiri tulimkuta gatini na kasia begani, na vijana wake wa mitumbwi wanne.

"Usiwashe injini hapa," alimwambia Layefa bila kumtazama. "Cheche moja tu, tunaungua wote. Tutakuvuta mpaka maji yawe safi. Ukirudi, zima kwenye kona ya mikoko, tutakuja kukuchukua."

"Na boti la diwani, Mjomba?"

"Lina viti vya sponji. Dada yangu hakupenda kukaa kwenye sponji."

Wakamvuta wakapotea kwenye vumbi. Siku nzima sikuwasha jiko. Tulivaa nguo nyeupe, tukasimama gatini, ngoma zikawekwa tayari. Alasiri tukasikia injini kwa mbali, kisha tukasikia imezimwa. Baada ya hapo ni makasia tu. Boti likatokea kwenye ukungu wa vumbi taratibu, linavutwa, jeneza limefunikwa kitambaa cheupe mbele kabisa, pale pale alipokuwa akikaa na kikapu chake cha konokono. Layefa amesimama nyuma, kofia kifuani. Hakwenda mbio.

Kwetu, maiti aliyekuja kwa maji hashushwi kabla ya kupokewa. Mzaliwa wa kwanza huinama, huchota maji ya mto wa nyumbani kwa kiganja, hulowesha jeneza, na kusema: Haya ni maji yako, umefika. Ngoma hupigwa hapo, si kabla. Ndivyo Bibi Ebikere alivyompokea mama yake, na mama yake alivyompokea wa kwake.

Layefa alikuja mpaka mbele ya boti, penye jeneza. Akapiga magoti, akainama, akatia mkono majini. Mpiga ngoma aliinua fimbo zake. Sote tulikuwa tunamtazama, na sote tuliona rangi zile zikizunguka vidole vyake, zambarau, kijani, dhahabu, nzuri kabisa.

Akabaki hivyo, mkono majini. Kisha akautoa mtupu, akaufuta kwenye gauni lake, akarudi kwenye kiti chake, juu ya tangi. Chini ya kiti kulikuwa na pakiti moja ya maji iliyobaki. Akaipasua kwa meno, akarudi penye jeneza.

"Mama," akasema, akiyamimina juu ya kile kitambaa cheupe. "Nimekuleta mwenyewe, sikwenda mbio. Ila maji yako yanawaka. Pokea haya ya dukani."

Yule mpiga ngoma alibaki ameinua fimbo. Nadhani alikuwa akingoja yale maneno mengine, ya kwamba amefika. Layefa hakuyasema.